Akishakupa shikamoo, kukata simu kunakuwa kugumu: mwongozo kamili wa kumalizana na simu za mauzo ukiwa nyumbani

Ngoja nianze na mama yangu maana yeye ndo sababu ya mimi kukaa kuandika haya yote. Nilikuwa nyumbani Morogoro, mama kakaa barazani na ungo wake anachambua mchele, kitochi chake kikaita, akaweka laudi na kukilaza pembeni ya ungo. Sauti ya binti, laini kabisa: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo mama, za hapo nyumbani? Wajukuu hawajambo?" Mi nilijua ni binamu yangu kapiga kwa namba mpya. Kumbe bwana, zimepita kama dakika 3 za kusalimiana ndo naanza kusikia "sasa mama tuna mpango wetu mzuri wa bima". Mama hana nia ya kununua chochote, namuona usoni, ila anaitikia tu "ehee", "mmh", "haya", na yule binti kila akisikia "haya" anasogea hatua moja mbele, mpaka mchele ukaisha kwenye ungo na mama anamuita mjukuu amletee kitambulisho cha NIDA asome namba. Hapo ndo nikachukua simu nikakata. Na aliyegombezwa siku hiyo ni mimi! "Mtoto wa watu kanisalimia vizuri, we unamkatia simu usoni?"

Kwahiyo kabla ya hatua yoyote elewa hili. Simu za mauzo zinakula adabu yetu. Sisi mtu akishakupa shikamoo unakuwa na deni, huwezi kumgeuzia mgongo katikati ya maneno, na aliyeandika ile skripti analijua hilo vizuri sana. Nakwambia kwa uhakika maana mi mwenyewe kabla sijapata kazi ya maana nilikaa kwenye kiti hicho miezi 4, hedifoni masikioni, napiga simu toka asubuhi mpaka jioni kuuza vitu ambavyo mwenyewe nisingenunua. Ofisi siitaji, yaliyopita yamepita. Lakini nilichojifunza pale ndo nakupa hapa bure.

Jua kwanza kinachoandikwa upande wa pili

Ukipokea simu, mbele ya yule kijana kuna shiti ya ekseli yenye majina na namba, na pembeni ya kila namba kuna kisanduku cha kujaza matokeo. Sisi tulikuwa na matokeo machache tu: hajapokea, apigiwe tena, yuko tayari, hataki kabisa. Kila neno unalosema linaishia kwenye kimoja wapo. Na hapa ndo watu wengi wanajichongea bila kujua.

Ukisema "niko bize saa hizi" imeandikwa apigiwe tena. "Sina hela kwa sasa" nayo ni apigiwe tena, tarehe 28 mpaka 30 mshahara ukitoka. "Ngoja nimuulize mume wangu", hiyo ndo kabisa, tulikuwa tunaiwekea rangi ya kijani, huyo karibu anaiva. "Nitumie meseji nitasoma", kijani pia. "Mmetoa wapi namba yangu?" haiandikwi popote maana jibu lake tulipewa siku ya kwanza ya mafunzo ("mfumo wetu umekuchagua kama mteja wa thamani mama"), tena tuliipenda kwasababu mtu akianza kuuliza maswali hajakata, na asiyekata ana nafasi ya kununua. Hata kutopokea hakukusaidii sana, unapigiwa kesho saa nyingine.

Kitu pekee kilichokuwa kinaitoa namba kwenye shiti ni mtu kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hanunui na namba ifutwe. Sio kwa hasira. Mtu akitukana msimamizi anasema "huyo leo kaamka vibaya, mpigie wiki ijayo."

Hatua ya kwanza: unavyopokea

Najua ushauri wa kila mtu ni usipokee namba usiyoijua. Kwenye maisha yetu haufanyi kazi huo. Unasubiri bodaboda akuletee mzigo, fundi kasema atapiga kwa simu ya mwenzake, shemeji kabadilisha laini, mtoto shule wanapiga kwa simu ya mwalimu. Utapokea tu. Ila pokea kwa akili, sema "haloo" halafu nyamaza. Usitaje jina lako. Akiuliza "naongea na nani?" mjibu "kwani wewe umempigia nani?" Mtu anayekujua atasema jina lako hapo hapo au atajitambulisha. Muuzaji ataanza kusoma.

Kuna dalili ukizizoea unamjua kabla hajafika mbali. Unasema haloo kunakuwa kimya sekunde 2 hivi halafu ndo sauti inaingia na kelele za watu wengi nyuma wanaongea vitu hivyo hivyo. Salamu ndefu kuliko kawaida kutoka kwa mtu usiyemjua. Anakuita "boss", "mzee wangu", "mama angu" ndani ya sentensi moja. Na maswali madogo madogo ambayo jibu lake lazima liwe ndio: "Mama si unawapenda watoto wako?" Sasa nani atasema hapana? Ukishasema ndio mara 3, ile ya 4 inatoka yenyewe, skripti yote imejengwa hivyo.

Ikiwa ni sauti iliyorekodiwa, ile ya "hongera mpendwa mteja, bonyeza 1", usibonyeze kitu chochote, wala usibonyeze namba ya kujitoa ambayo wao ndo wamekutajia. Kata. Haina masikio hiyo, haitaumia.

Hatua ya pili: sentensi moja, na iwe hiyo hiyo siku zote

Hapa ndo moyo wa jambo zima. Unatakiwa uwe na sentensi moja umeikariri, inayolipa deni la salamu na kufunga mlango kwa pamoja. Ya kwetu nyumbani ni hii:

"Marahaba mwanangu. Kununua kwa simu huwa sinunui. Naomba ufute namba yangu. Kazi njema."

Iangalie vizuri. Marahaba umeitikia, hakuna atakayesema huna adabu. "Huwa sinunui" sio sawa na "sihitaji", maana ukisema huhitaji bima atakwambia kwanini unaihitaji, ana kurasa 2 za majibu ya hiyo, lakini mtu ambaye *huwa* hanunui kwa simu huna cha kumjibu, ni desturi yake. "Futa namba yangu" ndo inayojaza kile kisanduku. Na "kazi njema" kwa Mswahili ni kwaheri, ukishaisema mazungumzo yameisha hata kama yeye bado anaongea, kwahiyo unakata bila aibu maana umeshaaga. Kijana wa rika lako anayekuja na "mambo vipi boss" mpe "poa, kununua kwa simu huwa sinunui kaka, futa namba yangu, kazi njema." Mfumo ni ule ule.

Akirukia kabla hujakata, "lakini mama dakika 1 tu", rudia sentensi ile ile neno kwa neno, usiongeze sababu. Mara ya pili unakata. Sababu ni kama kamba, ukimpa ataishika. Ukimwambia "tayari nina bima" anauliza ya kampuni gani na unalipa kiasi gani, ukisema "mimi ni mstaafu" anakwambia hii ni ya wastaafu hasa!

Na tafadhali usiseme "baba mwenye nyumba hayupo" au "niko peke yangu na watoto". Hujui unaongea na nani.

Kuna wanaopenda kuwachezea, anaiweka simu mbele ya tivii jamaa aongee na taarifa ya habari. Inachekesha, nakubali, hata sisi ofisini tulikuwa tunacheka. Ila namba yako imeshaonekana ni namba hai, inapokelewa na inakaa hewani, kwahiyo itapigwa tena. Na matusi pia acha. Yule ni kijana analipwa kwa komisheni, ana tageti ya siku ukutani, na wengine niliona kwa macho yangu wakitukanwa wanaandika namba pembeni kwa peni ili wampigie mtu saa 5 usiku kwa laini yao binafsi. Ujinga, lakini upo.

Hatua ya tatu: vitu visivyotoka mdomoni

Muuzaji wa kweli na tapeli wanavaa shati moja, kwenye simu huwezi kuwatofautisha kwa uhakika, hivyo masharti ni yale yale kwa wote. Namba ya NIDA (ile ya tarakimu 20) haisomwi kwenye simu uliyopigiwa. Namba ya siri ya kwenye laini au benki, hapana. Zile namba zinazoingia kwa meseji za uthibitisho wakati unaongea naye, hapana, na hapo jua sio muuzaji kabisa. Jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, hapana.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui. Mtu anakwambia "piga hii tukuunganishe na ofa" anakutajia nyota nyota 21 nyota halafu namba fulani na alama ya reli mwisho. Ukiipiga hiyo umehamisha simu zako zote ziende kwake! Benki wakipiga, anapokea yeye. Ukihisi umeshafanya hivyo piga ##002# kufuta uhamisho wote, na *#21# kuangalia kama bado upo. Sheria ya nyumbani kwetu ni rahisi: hakuna kuandika nyota wala reli kwa kusomewa na mtu.

Na akisema anatoka mtandao wako wa simu, angalia namba. Kwa Tanzania huduma kwa wateja ya mitandao ni 100, na ndo wanayojitambulisha nayo. Ikija namba ya kawaida ya 07 au 06 inasema "mimi ni wakala mkuu wa makao makuu" mwambie kata nitapiga 100 mwenyewe. Uone kama hatokata yeye kwanza.

Simu inayoita mara 1 ikakatika, tena yenye namba za mwanzo za nchi usiyo na ndugu, usirudishe. Wanategemea uirudishe ili ukatwe salio kwa viwango vya nje.

Hatua ya nne: simu yenyewe ifanye kazi

Kumbloki mtu mmoja mmoja ni sawa na kufukuza mbu kwa kofi, wana laini nyingi, lakini fanya tu maana ni sekunde 5. Kwenye simu janja za Android gusa namba kwenye orodha ya simu zilizoingia, shikilia, chagua kuzuia. Kama unatumia programu ya simu ya Google, ingia mipangilio yake uwashe utambuzi wa mpigaji na taka, itakuwa inakuonyesha rangi nyekundu kwa namba ambazo watu wengi wameziripoti. iPhone kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu ya kunyamazisha namba ambazo hujazihifadhi, zinaingia kimya unazikuta baadae. Nzuri kwa usiku, mchana itakunyima bodaboda.

Truecaller watu wanaipenda na kweli inasaidia, unaona jina kabla hujapokea, mara nyingi unakuta wenzako washaandika "hawa wa mikopo". Ila kumbuka ni njia mbili, na jina lako nawe linaonekana kwa wengine, pengine kama ulivyohifadhiwa na mtu mwingine (nilijikuta mimi ni "Juma Fundi Bomba", wakati bomba siligusi). Kwenye tovuti yao kuna sehemu ya kuondoa namba yako kama hutaki kuwemo.

Ninayoitumia zaidi mimi ni "Usinisumbue". Wengi wanaijua kama ya kulala tu, kumbe unaweza kuiruhusu ipitishe waliomo kwenye majina yako, na pia kuna kitufe cha wanaorudia kupiga, yaani mtu akipiga mara 2 ndani ya dakika chache ile ya pili inaita hata kama humjui. Mwenye shida ya kweli atarudia. Mwenye shiti ya ekseli anahamia mstari unaofuata, hana muda, msimamizi yuko nyuma yake.

Kwa kitochi mambo ni tofauti. Vingine vina orodha ya namba za kuzuia, vingine havina. Kwa mama nilifanya hivi: kila namba ya usumbufu tunaihifadhi kwa jina USIPOKEE 1, USIPOKEE 2, na kuendelea, kwa herufi kubwa maana macho yake. Saivi tumefika USIPOKEE 17. Simu ikiita anasoma, anacheka, anaiacha inaita.

Hatua ya tano: ziba pale namba inapovuja

Watu wanauliza wamepataje namba yangu. Aisee, tumezigawa wenyewe. Daftari la wageni getini kwa mlinzi, jina na namba ya simu, na kila anayekuja anasoma ya aliyetangulia. Daftari la wakala wa pesa. Fomu ya bahati nasibu ya supamaketi. Kamati ya harusi, hii ndo kubwa kuliko zote, grupu la wasapu lina watu 200, orodha ya michango ina jina, namba na kiasi alichoahidi mtu! Ukiwa unauza viwanja unataka nini tena, hiyo ni orodha ya watu wenye kipato na kiasi chao kimeandikwa. Na ofisini kwetu tulikuwa na kibarua cha kumuomba kila aliyenunua "namba za ndugu watano ambao nao wangependa kunufaika", na watu walikuwa wanatoa, shangazi, mchungaji, mwalimu wa mtoto.

Kwahiyo: usitoe namba ya mtu mwingine bila kumuuliza. Fomu isiyo ya lazima acha pengo la simu wazi. Ukiwa na uwezo kuwa na laini ya pili ya bei rahisi ndo uigawe kwenye promosheni na madaftari, ile ya familia na benki ibaki ya familia na benki. Grupu la harusi likiisha shughuli toka. Na programu yoyote inayoomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako wakati kazi yake ni tochi au kikokotoo, ikatalie.

Ukiwa hapo piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Sio ya simu za mauzo moja kwa moja lakini kama kuna mtu alishawahi kukusomesha kitambulisho kwenye simu ni vizuri ujue. Ukikuta namba usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute.

Meseji na makato ya kila siku

Hizi ni ndugu wa simu. Meseji za ofa kutoka namba fupi, nyimbo za kuita, dondoo za mapenzi, mistari ya dini, zingine umejiunga bila kujua kwa kubonyeza tu. Soma mwisho wa meseji, kawaida pameandikwa neno la kujitoa, mara nyingi ni STOP au ONDOA, litume kwenda namba hiyo hiyo fupi. Kama makato hayakomi piga 100 waambie wakutajie huduma zote ulizounganishwa wazitoe, na uwaambie pia hutaki meseji za matangazo. Subiri foleni, utasikiliza muziki wao, lakini wanaweza. Mama alikuwa anakatwa shilingi 100 kila siku kwa ajili ya matokeo ya mpira, na hajui hata timu ya taifa inavaa rangi gani.

Hatua ya sita: kulalamika mahali panapohusika

Watu wengi wanafikiri hakuna sheria ya haya. Ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza kutumiwa matangazo ya biashara ambayo hukuyaomba isipokuwa umeridhia, mtumaji ajitambulishe yeye ni nani na anataka nini, na akupe njia ya kukataa. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, hii inakupa haki ya kumwambia mtu aache kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara. Namba yako ya simu ni taarifa binafsi. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia mwezi Aprili 2024 na inapokea malalamiko.

Sasa ili ulalamike lazima uwe na kitu mkononi. Weka daftari dogo karibu na tivii: tarehe, saa, namba iliyopiga, alisema anatoka wapi, alikuwa anauza nini, ulimwambia afute. Kama unataka kufika huko ndo hapa lile swali la "namba yangu mmetoa wapi" lina kazi, uliza, andika jibu, malizia sentensi yako, kata. Mara ya kwanza mwandikie kampuni yenyewe kwa barua pepe au wasapu yao, mistari 3 tu, "tarehe fulani saa fulani mlinipigia, sijawahi kuridhia, naomba mfute namba yangu na mnijulishe mkishafuta". Piga skrinshoti. Wengi wanafuta hapo hapo maana wanaona huyu anajua anachofanya. Wakiendelea unapeleka Tume ukiwa na ushahidi. Kama tatizo ni mtandao wa simu wenyewe anza nao, wakishindwa ndo TCRA, wasimamizi wa mawasiliano.

Ikiwa ni tapeli sio muuzaji, ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" na ndugu zake, njia ni moja: ile meseji itume kwenda 15040, ni bure, utajibiwa utume na namba ya aliyekutumia. Usiwe unaifuta tu na kucheka.

Mikopo ya mtandaoni nayo niiseme maana ndo inasumbua majumbani kuliko bima. Unapigiwa unaambiwa "fulani kakuweka mdhamini, lipa." Wewe hukusaini popote, ile programu ilinyonya majina kwenye simu ya fulani basi. Hudaiwi. Usilipe hata mia. Benki Kuu ilishatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, Novemba 2024, kwahiyo kabla hujabishana naye muulize leseni yake na jina la kampuni, andika, na uripoti. Hapa sentensi inabadilika kidogo: "Mimi si mdhamini, sijasaini, namba hii naipeleka Tume na Benki Kuu. Kazi njema."

Na kama ulitaka kweli kununua, bima au kiwanja, hakuna shida, ila kata kwanza kisha wewe ndo uwatafute. Wakala wa bima muulize leseni yake ya TIRA (wasimamizi wa bima), kiwanja nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukakague kwa namba ya kiwanja. Ofa inayokufa leo jioni saa 12 ife tu.

Walioko nje

Dada yangu yuko Marekani anasema kule ni balaa zaidi, wana hadi simu za mezani bado. Kule kuna daftari la serikali la wasiotaka kupigiwa, unajiandikisha bure donotcall.gov au kwa kupiga 1-888-382-1222 kutoka kwenye simu hiyo hiyo unayotaka kuandikisha, haina kuisha muda, na baada ya siku 31 ukipigiwa na wauzaji unaweza kuripoti. Haizuii wanasiasa, misaada na wanaofanya tafiti, na matapeli hawasomi daftari. Pia muuzaji haruhusiwi kukupigia kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 3 usiku kwa saa za pale ulipo, kwahiyo akikupigia saa 4 usiku jua moja kwa moja huyo hafuati sheria yoyote. Uingereza lipo la kwao linaitwa TPS, bure pia, linachukua mpaka siku 28, na meseji za utapeli wanazituma 7726. Kenya wao wana sheria yao ya data ya 2019 na kamishna wake, unalalamika kule.

Mafunzo kwa wazee

Sasa yote haya ukimsomea mzazi wako mara 1 hayatabaki. Mzoeze. Mimi niliiandika sentensi kwenye kadi nikaibandika kwa selotepu ukutani juu ya pale anapochaji simu, halafu nikawa nampigia kwa namba za marafiki najifanya muuzaji. Mara ya kwanza alinisikiliza mpaka nikachoka mimi. Ya pili alianza vizuri, "marahaba mwanangu, kununua kwa simu huwa sinunui", akanyamaza kidogo, huruma ikamshinda, "ila umekula lakini?" Nikamwambia mama umeharibu, ukiuliza kama nimekula tumeanza upya. Ya tatu alisema yote 4 na kukata, safi kabisa, nikajisikia kama mwalimu ambaye darasa lake limefaulu.

Shida ikaja mwezi uliofuata. Simu yangu imezima, niko stendi ya Msamvu saa 2 usiku, nikaazima simu ya kondakta nimwambie mama asifunge geti. "Mama shikamoo..." sijamaliza. "Marahaba mwanangu, kununua kwa simu huwa sinunui, naomba ufute namba yangu, kazi njema." Kata. Nikapiga tena, kata. Kondakta ananiangalia. Nililala kwa jirani.

Ndo tukaongeza kitu cha mwisho ambacho nakushauri uwe nacho na wewe: neno la nyumbani. Mtu wa familia akipiga kwa namba ngeni, kabla ya salamu anataja kitu ambacho hakipo kwenye shiti yoyote. La kwetu ni jina la mbuzi aliyekula khanga ya bibi mwaka 1998, na hilo siliandiki hapa.